Siku Chache Japani kwa Mwanafunzi: Kaa Osaka, Panda Treni

Wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki hapa Kuala Lumpur wakisikia nimetembea Japani, swali lao la kwanza huwa lile lile: ile pasi ya treni ya nchi nzima, Japan Rail Pass, ulinunua? Sikuinunua. Na mwanafunzi yeyote mwenye siku chache namshauri asiinunue kabla hajakaa na kalamu na karatasi akapiga hesabu. Zamani pasi ile ilikuwa nafuu kweli. Hadi Septemba 2023 ya siku 7 iliuzwa yeni 29,650. Oktoba mwaka huo ikapanda hadi yeni 50,000, yaani zaidi ya dola 300 za Marekani. Video nyingi zinazoisifia zilirekodiwa kabla ya hapo, na watu bado wanazifuata.

Chukua safari ambayo wengi wanaiota: Tokyo hadi Hiroshima na kurudi, kwa Shinkansen, treni ya mwendokasi ya Japani. Hizo ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, na bado tiketi za kawaida za kwenda na kurudi hazifiki yeni 40,000. Maana yake umevuka nusu ya kisiwa kikuu mara mbili na pasi haijarudisha pesa yake. Ili ikulipe inabidi ushinde ndani ya treni kila siku. Tena hiyo Nozomi, treni ya haraka kuliko zote kwenye njia ya Tokyo na Osaka, pasi haikupi mpaka uongeze pesa juu.

Ninachoshauri mimi ni kuchagua upande mmoja wa nchi na kuufaidi. Kwa mwanafunzi upande huo ni Kansai: Osaka, Kyoto, Nara na Kobe, pamoja na Himeji kwa pembeni. Ndege za bei nafuu za Asia zinatua Kansai kama zinavyotua Tokyo, kwa hiyo hulazimiki kuanzia Tokyo kwa sababu tu kila mtu anaanzia huko.

Miji hii iko karibu karibu. Osaka hadi Kyoto kwa treni iitwayo Shinkaisoku ni nusu saa, nauli kama yeni 600. Osaka hadi Sannomiya, katikati ya Kobe, ni dakika ishirini na kitu. Nara ni kiasi cha saa moja, na Himeji hivyo hivyo. Unakodi kitanda kimoja hosteli ya Osaka, begi kubwa linabaki hapo, kila asubuhi unatoka na kibegi cha mgongoni. Kyoto ni pazuri kwa kulala, lakini msimu wa maua ya sakura, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, bei za vitanda vyake hupaa, ilhali wewe uko nusu saa tu kutoka hapo.

Kabla ya yote hayo kuna viza. Mtanzania anahitaji viza kuingia Japani, na Mkenya vilevile. Ukiwa unasoma nchi nyingine, unaomba kwenye ubalozi wa Japani wa nchi unayoishi kihalali. Miongoni mwa fomu kuna ratiba ya siku kwa siku: tarehe, utakachofanya, utakapolala. Wengi huijaza haraka haraka ili mradi tu imejaa. Mimi nasema ijaze kama unavyokusudia kusafiri kweli, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kama safari yako inawezekana. Ukiona mstari mmoja una miji mitatu, ratiba hiyo haitembeki. Ambatanisha barua ya chuo na taarifa ya benki yenye maelezo yanayoeleweka. Viza ya kuingia mara moja huishi miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo usiiombe mapema mno.

Jambo moja linalowaumiza wengi: lile punguzo la wanafunzi la treni za Japani ni la wanaosoma Japani. Kitambulisho chako cha chuo cha Dodoma, Nairobi au Kuala Lumpur hakitakupatia punguzo hilo la nauli. Makumbusho na mahekalu kadhaa hupunguzia wanafunzi, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni, lakini bajeti ya treni ipange kwa nauli kamili.

Ukitua, nunua kadi ya ICOCA. Inauzwa yeni 2,000: yeni 1,500 ni salio la kutumia na 500 ni amana. Unagusa getini ukiingia, unagusa ukitoka, nauli inakatwa yenyewe. Inatumika kwenye treni za JR (makampuni makuu ya reli ya Japani), treni za makampuni binafsi, njia za chini ya ardhi na mabasi mengi, na hata kulipia maji kwenye mashine za kuuzia vinywaji. Kuiongezea salio, mashine nyingi zinataka pesa taslimu, kwa hiyo usitoke bila noti. Mashine za kutolea pesa za 7-Eleven zinakubali kadi za benki za nje na zina menyu ya Kiingereza. Salio likiwa dogo geti litafunga mbele yako na kulia. Usibabaike, ndani ya geti kuna mashine ya kuongezea, ongeza upite. Na pasipoti tembea nayo, kwa mgeni ni sheria.

Sasa aina za treni, maana hapa ndipo watu wanapitilizwa vituo. Kwenye njia za JR, futsu husimama kila kituo, kaisoku huruka baadhi, shinkaisoku huruka zaidi, na zote tatu nauli ni moja. Tokkyu ndiyo yenye nyongeza, na ukipanda bila kujua kondakta atakuja kukudai kwa adabu kubwa. Mfano mzuri ni Fushimi Inari ya Kyoto, lile hekalu la mamia kwa maelfu ya milango myekundu. Kituo chake kinaitwa Inari, dakika tano tu kutoka Kyoto kwenye njia ya Nara, na lango la hekalu linatazamana na kituo. Lakini treni ya kaisoku ya Nara haisimami pale. Aliyepanda ya haraka akidhani anawahi atayaona yale malango dirishani, yanampita. Panda futsu.

Inari haina kiingilio na haifungwi, kwa hiyo nenda na treni za alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi unatembea chini ya milango ile karibu peke yako. Ukiwa unapanda, nyuma ya kila nguzo, yaani upande utakaouona ukigeuka, kuna maandishi meusi yaliyochongwa: jina la mfanyabiashara au kampuni iliyotoa lango hilo, na tarehe. Kufikia saa nne, huwezi kupiga picha bila mkono wa mtu ndani yake.

Kutoka Inari endelea na treni hiyo hiyo kuelekea Nara, huna haja ya kurudi Kyoto. Nara watu huenda kwa ajili ya kulungu wanaozurura bustanini, na ni kweli wanapendeza, lakini mimi kilichonikaa ni hekalu la Todai-ji. Sanamu ya shaba iliyomo ina urefu wa kama mita 15 na ilizinduliwa mwaka 752. Jumba la mbao linaloifunika ni la mwaka 1709, baada ya yale ya mwanzo kuungua vitani. Jioni rudi Osaka moja kwa moja kwa njia ya Yamatoji.

Himeji sitaisemea sana. Ukitoka kituoni unaiona ngome mwisho wa barabara, unatembea dakika ishirini bila kuuliza mtu. Ilikamilika mwaka 1609 na ni ile ile, haikujengwa upya kwa zege kama ngome ya Osaka. Kama una muda wa ngome moja tu, iwe hii.

Kobe Mwislamu asiiache. Mita mia kadhaa kupanda kutoka kituo cha Sannomiya, mtaa wa Kitano, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza Japani. Ulisalimika mabomu ya 1945 yaliyoteketeza mji, na ulisalimika tetemeko la 17 Januari 1995. Ijumaa utakuta Waindonesia, Wapakistani, Waarabu na Wajapani kwenye safu moja. Pembezoni mwake kuna maduka na migahawa ya halali, na kwangu mimi ile sahani ya wali na kuku, baada ya siku za kula vitu vidogo vidogo, ilikuwa nafuu ya roho.

Maana chakula kinahitaji uangalifu. Supu ya ramen, yaani tambi za Kijapani, mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe, na michuzi mingi ina pombe ya kupikia. Weka kwenye simu picha ya herufi 豚, ambayo ni nguruwe, na 酒, ambayo ni pombe, uzilinganishe na karatasi ya nyuma ya pakiti. Tegemeo langu lilikuwa onigiri: kitonge cha wali kilichofungwa kwa mwani, ndani kikiwa na samaki au plamu ya chumvi, kinauzwa kila duka dogo kituoni. Kitonge na yai la kuchemsha ni kifungua kinywa. Kwenye treni za mjini watu hawali. Kwenye Shinkansen kula ni ruhusa na kila mtu anafungua sanduku lake la chakula.

Nimesema nchi nzima usiizunguke, ila safari moja ndefu ninaipigania, nayo ni Hiroshima. Hapa ndipo pasi ya eneo inapoingia. JR ya magharibi inauza pasi ya Kansai na Hiroshima ya siku 5 mfululizo, nami niliikuta kwa yeni 17,000. Shinkansen ya Shin-Osaka (kituo cha Shinkansen cha Osaka) hadi Hiroshima kwenda tu ni kama yeni 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake kumeshailipa. Juu ya hapo inakupa treni za JR za Kyoto, Nara, Kobe na Himeji, treni ya Haruka kutoka uwanja wa ndege, na kivuko cha kwenda kisiwa cha Miyajima. Kwenye njia hii hata Nozomi unaruhusiwa. Isichokupa ni Shinkansen kati ya Shin-Osaka na Kyoto, maana hiyo ni ya kampuni nyingine, nawe huihitaji. Pasi hizi ni za mgeni wa muda mfupi tu, na lazima uonyeshe pasipoti. Bei hubadilika, ithibitishe kwenye tovuti yao kabla ya kulipa.

Aliyezoea SGR ya Dar hadi Dodoma au ya Mombasa hadi Nairobi amezoea kufika mapema, mizigo ikapita kwenye mashine na kitambulisho kikaonyeshwa. Shinkansen haina hayo. Ukifika robo saa kabla umetosha. Ila kwenye vituo vya njiani treni husimama kama dakika moja, basi simama mapema kwenye alama ya behewa lako iliyochorwa sakafuni, nyuma ya waliokutangulia. Tiketi ya karatasi huenda zikawa mbili, moja ya nauli na moja ya kasi. Zitie getini zote mbili kwa pamoja, zitatokea mbele. Zichukue, utazihitaji kutokea. Begi ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linatakiwa liwekewe nafasi pamoja na kiti. Ndiyo maana nasema begi kubwa libaki Osaka.

Kutoka Shin-Osaka ni kama saa moja na nusu. Nje ya kituo cha Hiroshima panda tramu hadi Genbaku Dome-mae, nauli ni yeni mia mbili na kitu. Kaa dirishani. Tramu za mji huu zilianza tena kubeba abiria kwenye kipande cha njia siku tatu tu baada ya bomu la atomiki, na magari yaliyonusurika yametunzwa hadi leo.

Jumba la makumbusho ya amani nenda asubuhi linapofunguliwa, kabla ya makundi. Kiingilio ni kidogo mno, nililipa yeni 200. Bomu lilipasuka saa mbili na robo asubuhi, 6 Agosti 1945, na hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi wa sekondari walikuwa wametolewa madarasani kubomoa nyumba, ili kufungua njia za kuzuia moto wa mashambulizi ya anga. Ndani ya kabati la kioo kuna sanduku la chakula la mmoja wao, la bati, limekunjamana. Chakula alichofungiwa na mama yake kimo, kimekuwa mkaa mweusi, hakikuguswa. Nilisimama pale muda mrefu. Kuna mambo mwanafunzi hujifunza darasani akafaulu mtihani, na bado hajayajua. Usipange kitu chochote cha furaha saa moja baada ya kutoka humo. Nenda kakae kando ya mto.

Ukipata siku ya pili, ndiyo iwe ya Miyajima. Treni ya JR hadi Miyajimaguchi, kisha kivuko cha dakika kumi, na kuna kodi ya mgeni ya yeni 100 ambayo hata mwenye pasi hulipa. Lile lango jekundu la hekalu la kisiwani limesimama ufukweni, na sisi watu wa pwani tunajua maana yake: maji yakijaa linaelea, yakitoka unalifuata kwa miguu hadi kwenye nguzo, ukaona makome yaliyong'ang'ania. Angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kuchagua treni. Wakati wa bamvua tofauti ni kubwa sana. Wakati wa maji mafu huenda usipate kulifikia wala kuliona likizungukwa vizuri.

Adabu za ndani ya treni utazishika haraka. Simu bila mlio, hupokei. Mazungumzo kwa sauti ya chini. Kibegi cha mgongoni unakivaa mbele. Mabehewa ya wanawake pekee yana alama ya waridi jukwaani na dirishani, basi kaka zangu tazameni chini kabla ya kuingia. Kwenye ngazi za umeme za Osaka watu husimama kulia, Tokyo kushoto. Ukipata nafasi, simama behewa la mbele nyuma ya kioo cha dereva. Amevaa glavu nyeupe, na kila taa inapokaribia anainyooshea kidole na kuitaja kwa sauti, kituo baada ya kituo, hata akiwa peke yake chumbani. Ni utaratibu wa kazi: jicho, mkono na mdomo vikithibitisha kitu kimoja, makosa hupungua. Mimi nasoma uhandisi, na somo lile la usalama sijalipata kwenye kitabu likaniingia namna ile.

Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku na za kwanza huanza kama saa kumi na moja alfajiri. Katikati hapo ni teksi, na teksi ya usiku hula bajeti ya siku mbili. Weka simu kwenye saa za mfumo wa 24, maana ratiba zote ziko hivyo, ujiepushe na kuchanganya na saa zetu. Epuka pia wiki ya sikukuu ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya: Japani nzima inasafiri, na Nozomi zote zinakuwa za viti vya kuwekesha tu.

Na kama Tokyo ni lazima, pengine tiketi yako ya ndege inatua huko, zipo njia za mwanafunzi. Basi la usiku hadi Osaka linakuokolea pia malipo ya kitanda. Msimu wa likizo za shule kuna tiketi iitwayo Seishun 18, ya treni za futsu na kaisoku za JR nchi nzima: yeni 10,000 kwa siku 3 mfululizo au 12,050 kwa siku 5. Haina masharti ya umri wala ya uraia. Tokyo hadi Kyoto kwa treni hizo ni kama saa tisa na kubadilisha mara kadhaa, Atami, Toyohashi, Maibara, katikati ya watoto wa shule na akina mama wa sokoni. Mwenye siku chache sana hilo limzidi, lakini mwenye subira atauona ukanda mzima wa bahari. Na ukiamua kulipa Shinkansen kutoka Tokyo, omba kiti E cha dirishani: Mlima Fuji uko upande huo, kama dakika arobaini na tano baada ya kuondoka, mawingu yakiruhusu.

Siku ya kuondoka, kama pasi imekwisha, treni ya bei nafuu kutoka Osaka kwenda uwanja wa Kansai ni kaisoku ya yeni 1,200 na kitu, kama saa moja na dakika kumi. Angalia namba ya behewa. Treni hiyo hukatwa vipande viwili kituo cha Hineno: behewa la 1 hadi la 4 yanaenda uwanja wa ndege, ya nyuma yanaenda Wakayama. Ukijikuta nyuma, hama ikisimama Hineno. Ukifika uwanjani, maliza salio la ICOCA dukani kwanza, likiwa sifuri ndipo uirudishe kadi ofisi ya JR. Ukiirudisha na salio ndani wanakata ada. Ikiwa tupu unapewa yeni 500 zako zote.